Utengeneze mwenyewe au ununue? Jinsi ya kuamua kifaa kimoja kimoja cha mashine yako

Wakuu, kila mwenye karakana ya kuunda mashine analijua hili swali, hiki kifaa nikitengeneze hapahapa au nikakinunue dukani? Na wengi tunalijibu kwa mdomo tu, huyu anasema vya dukani feki vyote, yule anasema hana muda wa kuhangaika, mwingine anatengeneza mpaka bolti kwa sababu anaona kununua ni aibu kwa fundi. Hapa naweka njia ya kuamua kwa hesabu. Nitatumia mashine ya kusaga mahindi, ile ya nyundo (vipande vya chuma vinavyozunguka ndani na kuponda mahindi), maana wengi tumeshaifungua na kuifunga, ila wewe wa mashine za kupukuchua au za kukamua alizeti au matrela ya trekta utabadilisha majina ya vipande tu, hesabu ni zilezile.

Cha kwanza, usiulize hili swali kwa mashine nzima, halina jibu. Chukua daftari uivunje mashine vipande: bodi, hopa, rota, shafti, nyundo, pini za nyundo, chekeche, beringi na nyumba zake, puli, mkanda, mota au injini, fremu, bolti. Mbele ya kila kipande andika mashine moja inakula vingapi, kwa mwaka unaunda mashine ngapi, halafu (hapa ndo watu wengi wanaparuka) wateja wako wa zamani wanarudi kununua vingapi. Nyundo na chekeche zinaisha, fremu haiishi. Ukiunda mashine 20 kwa mwaka na kila moja ina nyundo 24, hizo ni nyundo 480, lakini ukijumlisha na za kubadilisha unaweza kukuta idadi imepanda mara mbili au zaidi, na hiyo idadi ndiyo itakayoamua jibu.

Ukishaandika kuna vitu utavimaliza hapohapo bila hata kikokotoo. Beringi nunua. Beringi namba 6308 ina tundu la mm 40, nje mm 90, upana mm 23, iwe imetoka Japani au Sweden au China ni hivyohivyo, na kitu ambacho dunia nzima imekubaliana vipimo vyake na kinatoka viwandani kwa mamilioni huwezi kushindana nacho ukiwa na mashine moja ya kukereza. Bolti hivyohivyo, mkanda hivyohivyo, mota ndo kabisa. Kwa hivi kazi yako ni kumpata saplaya asiyekuuzia feki, basi. Beringi feki zipo nyingi mno sokoni, watengenezaji wa beringi SKF kwa mfano wana programu ya simu ya kuhakiki beringi zao, pakua uitumie kabla hujalipa.

Upande wa pili kuna fremu, bodi na hopa. Hizo tengeneza. Ni bati nene na engo, unakata, unakunja, unachomelea, na ukisema ununue hopa iliyokwisha kutoka mkoa mwingine unalipia lori kubeba hewa.

Kwa hiyo ubishi wote unabaki kwenye vitu vinne vitano vya katikati: shafti, nyundo, pini, puli, chekeche. Hapa ndo pa kukaa na kalamu.

Tuanze na gharama ya kutengeneza, maana hapa ndo kuna uongo mwingi tunaojidanganya. Fundi anasema "nyundo dukani 3,500, mimi chuma kinanigharimu 900, kwa nini ninunue?" Hiyo 900 ni bei ya chuma, sio bei ya nyundo. Namba zote za shilingi humu ni za mfano, weka zako. Chuma cha springi ya gari 900, diski ya kukatia na gesi 300, kutoboa na kunoa na malipo ya kijana kwa kipande 500, jumla 1,700. Halafu sio kila unachotengeneza kinafaa, kimoja tundu limeenda pembeni, kingine kimepasuka ulipokizamisha kwenye oili. Ukiharibu 10 kwenye 100, basi zile 90 nzuri ndo zinabeba gharama ya zote, yaani 1,700 gawa kwa 0.9, unapata kama 1,890. Tuseme 1,900. Hii hesabu ya vilivyoharibika ifanye kwa kweli, chungulia pipa lako la skrepa, usikadirie ukiwa umekaa ofisini.

Sasa kuna vile vitu unavyonunua mara moja: jigi ya kutobolea ili matundu yote yakae sehemu moja, jiko la kupashia moto, pipa la oili, mizani ya gramu. Tuseme vyote 600,000. Kila nyundo unayotengeneza badala ya kununua inakuokolea 3,500 toa 1,900, yaani 1,600. Gawa 600,000 kwa 1,600, jibu ni 375. Kwa maana hiyo nyundo 375 za kwanza zinarudisha hela ya vifaa tu, kuanzia ya 376 ndo unaanza kuona faida. Kwa nyundo 24 kwa mashine hizo ni karibu mashine 16. Kama unaunda mashine 4 kwa mwaka na huuzi nyundo za kubadilisha, utasubiri miaka minne hivi, achana nayo, kanunue. Kama unaunda 20 na watu wanakuja kununua seti kila msimu wa mavuno, ndani ya mwaka umesharudisha.

Hapo kuna mtego mmoja. Watu wakisikia "hesabu gharama zote" wanaanza kugawa kodi ya chumba cha karakana, mshahara wa mlinzi, leseni, mpaka chai, kisha kila nyundo inaonekana inagharimu 4,000 na uamuzi unageuka kwamba kununua ni nafuu. Jiulize swali moja tu kwa kila gharama: nikiacha kutengeneza hiki kifaa kesho, hii hela itabaki mfukoni? Kodi ya karakana utalipa hivyohivyo, mlinzi atalala hapohapo, kwa hiyo hizo zitoe kwenye hesabu. Chuma, diski, gesi, umeme wa LUKU unaoliwa na grainda, malipo ya kijana anayelipwa kwa kipande, hizo zinabaki kweli mfukoni, ziingize. Fundi wa mshahara wa mwezi ni katikati: kama hana kazi nyingine ya kufanya muda huo basi nguvu yake hapo ni kama ya bure, lakini kama kuna kazi ya mteja inamsubiri basi ana gharama, na kubwa.

Na hili la muda ndilo naona linaumiza karakana nyingi kuliko bei ya chuma. Mashine ya kukereza ni moja, na watu wa nje wanaleta kazi, huyu drami ya breki, yule shafti ya pampu, wanalipa keshi. Tuseme kazi za nje zinakuingizia 20,000 kwa saa. Puli moja ikikaa kwenye mashine saa moja na nusu, basi hiyo puli imekula 30,000 ambazo hazionekani kwenye risiti yoyote, maana mteja wa nje ulimwambia njoo kesho na akaenda kwa jirani. Hiyo 30,000 iweke kwenye gharama ya puli. Lakini kama ni msimu wa mvua, kazi za nje hakuna, mashine imelala, basi usiiweke. Kwa hiyo kifaa kilekile kinaweza kuwa cha kununua mwezi wa saba na cha kutengeneza mwezi wa tatu, na hakuna ubaya wowote.

Tuje kwenye kununua. Bei ya kwenye bango sio bei yako. Bei yako ni ile ya kifaa kikiwa kimefika mlangoni kwako na kinafaa. Ukinunua Gerezani, Dar es Salaam, ukiwa Mbeya ongeza basi au lori, ongeza na nauli yako kama unafuata mwenyewe. Ukiagiza China, chukua bei ya mzigo pamoja na usafiri wa meli na bima, hapo ndo ushuru unaanzia. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na tangu Julai 2022 ikaongezwa ya 35, kitu chako kiko ngazi gani muulize wakala wa forodha kabla ya kuagiza. Kisha VAT, Tanzania bara asilimia 18 na Kenya 16, inapigwa juu ya mzigo na ushuru wake. Mzigo wa 1,000,000 kwenye ngazi ya 10 unapanda 1,100,000, VAT yake 198,000, umefika 1,298,000 na bado wakala, bado bandari, bado tozo nyingine, bado lori. Kama umesajiliwa VAT unaweza kuidai ile 198,000, kama hujasajiliwa ndo imeenda.

Halafu saplaya wa nje hakuuzii puli 6, anataka uchukue 200. Hizo 194 zilizobaki ni hela yako imelala kwenye rafu wakati chuma cha oda inayofuata umekikopa. Mkopo una riba, iandike. Na mzigo ukichelewa baharini mashine iliyokamilika yote inakaa bila puli na mteja anataka advansi yake. Hapo nafuu ya bei imeshaisha.

Sasa kimoja kimoja. Chekeche kwanza kwa sababu ndo rahisi kuamua. Chekeche la unga wa sembe lenye matundu ya mm 1, yaliyopishana kwa mm 2 kutoka katikati hadi katikati, kwenye bati la sentimita 20 kwa 60, lina matundu zaidi ya 34,000. Hakuna drili ya kufanya hiyo kazi. Inatakiwa presi yenye meno ya kutoboa, na hata presi ina shida zake, maana kwa kawaida tundu likiwa dogo kuliko unene wa bati meno yanavunjika, ndo maana chekeche la unga laini huwa la bati jembamba na linachanika mapema. Lakini hii haimaanishi ununue chekeche lililokwisha. Nunua bati lililotobolewa tayari, shiti nzima, halafu kata na kunja mwenyewe kwa kipimo cha mashine yako. Kazi ngumu umemwachia mwenye presi, na wewe ndo unayeuza saizi inayoingia kwenye mashine zako. Hii njia ya nusunusu watu wengi hata hawaifikirii, wanadhani ni ama nitengeneze chote ama ninunue chote.

Puli ni hivyohivyo. Ukitaka puli ya chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa) usijenge tanuru. Tengeneza modeli ya mbao, mpe anayesubu, rudi na puli ghafi, kereza mwenyewe tundu na mifereji ya mkanda. Modeli iwe kubwa kidogo kuliko puli, kwa chuma cha kusubu ongeza kama asilimia 1 kwa sababu kinanywea kikipoa, aluminiamu zaidi kidogo, halafu juu yake ongeza nyama ya kukereza. Na hiyo modeli ni mali yako, oda ikiisha irudishe karakana, usiiache kule, utakuja kukuta puli zako zinauzwa na jirani.

Kwa puli kuna kitu kingine zaidi ya hela. Puli za kawaida za chuma cha kusubu huwa zinapewa kikomo cha kama mita 33 kwa sekunde kwenye ukingo. Puli ya kipenyo cha mm 250 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika ukingo wake unakimbia mita 39 kwa sekunde. Hiyo imeshapita, na kama ndani ina matundu ya hewa ya skrepa iliyosubiwa vibaya inaweza kupasuka na kuruka vipande kwenye chumba kilichojaa akina mama na ndoo zao. Kwa hiyo piga hesabu ya mwendo kwanza (kipenyo kwa mita zidisha 3.14 zidisha mizunguko kwa sekunde), ikipita hapo badilisha kipenyo au nunua puli iliyoandikwa kabisa mwendo wake. Mimi hapa bei siiangalii kabisa.

Shafti tengeneza, kwa sharti moja: una maikromita na unajua kuitumia. Chukua chuma chenye kaboni ya kutosha, EN8 inafaa, usichukue nondo ya ujenzi kwa sababu tu imekaa pembeni. Pale beringi inapokaa ndo pesa ilipo, shafti ikiwa nyembamba kidogo tu beringi inazunguka juu yake na inailamba, ikizidi beringi inabanwa na kuungua. Kama kipimo chako cha mwisho ni venia iliyochoka, basi mpe mtu mwenye vifaa akukereze sehemu za beringi, wewe fanya kwingine. Njia ya ufunguo (ule mfereji wa kuzuia puli isiteleze kwenye shafti) pia kama huna mashine ya kuchonga, peleka nje, SIDO (shirika la viwanda vidogo) au karakana za vyuo vya ufundi vya VETA mara nyingine wanapokea kazi kama hizo, kuliko kuichonga kwa grainda.

Nyundo tumeshafanya hesabu ya hela, ila kuna hesabu ya uzito pia. Ncha ya nyundo ikiwa sentimita 25 kutoka katikati ya shafti na mizunguko 3,000 kwa dakika, kila gramu inavuta kama gramu 2,500. Kwa hiyo nyundo zinazotazamana zikitofautiana gramu 5 tu kule nchani, shafti inavutwa upande mmoja kwa nguvu kama ya kilo 12, mara 50 kwa sekunde, mchana kutwa. Ndo zile mashine zinazotembea sakafuni zenyewe na kula beringi kila baada ya muda mfupi, mwenye mashine anailaumu beringi ya Mchina wa watu. Sasa hili linaingiaje kwenye kuamua? Nyundo za dukani nazo hazijapimwa, mara nyingi. Ukinunua bila kupima na ukitengeneza bila kupima ni kulekule. Mizani ndiyo inayoleta tofauti, na ukiwa nayo unaweza kununua, ukazipanga kwa jozi, ukauza seti iliyopimwa kwa bei ya juu kidogo, bila kuwasha jiko hata siku moja. Kama unatengeneza, pasha mpaka sumaku iache kushika, ongeza kidogo, zamisha kwenye oili, halafu irudishe kwenye moto mdogo ili isiwe kama glasi. Ukiruka hiyo ya mwisho nyundo inavunjika ndani ya mashine na kuchana chekeche, na chekeche utalilipa wewe.

Sio sisi tu tunaosumbuka na hili. Boeing walipounda 787 Dreamliner, hizo ambazo Air Tanzania walianza kupokea 2018, waligawa sehemu kubwa za ndege kwa makampuni mengine waziunde huko kwao zije kuunganishwa tu. Ndege ya kwanza iliyotakiwa kukabidhiwa 2008 ikaja kukabidhiwa Septemba 2011, na katikati hapo, 2009, Boeing wakalazimika kukinunua kiwanda cha mmoja wa hao waliopewa kazi, kule South Carolina. Shida kubwa ilikuwa vipande vinafika havijakamilika, na aliyetoa kazi hana mtu wa kusimama pale kuona. Kwa karakana ya Vingunguti hii inatafsirika hivi: ukimpa mtu wa nje kipande ambacho kikikosekana mashine nzima inasimama, uwe unaweza kwenda kukikagua kabla hakijatoka kwake, na umjue wa pili anayeweza kukifanya.

Ukishaamua kununua, usimpe saplaya sampuli iliyochakaa ukamwambia "nifanyie kama hii". Atakufanyia kweli kama hiyo, pamoja na ulaji wake. Mchoro, hata wa mkono, wenye vipimo na neno moja kwa kila tundu, likaze au lilegee kiasi gani. Tengeneza geji mbili za chuma, moja lazima iingie kwenye tundu, nyingine lazima ikatae, kijana yeyote akipokea mzigo anazijaribu bila kupima chochote. Andikianeni nani anabeba vibovu, hata kwa ujumbe wa WhatsApp inatosha kukumbushana. Na oda ya kwanza iwe ndogo, hata kama punguzo la kuchukua vingi linakuvutia.

Ukiamua kutengeneza, fanya vichache kwanza kwa jigi ya muda, vifunge kwenye mashine ya mteja aliye karibu ambaye unaweza kumtembelea, ona vinavyolika, ndo ununue vifaa vya 600,000.

Mwisho, kwenye lile daftari, pembeni ya kila kipande andika tarehe, uamuzi, na namba iliyouamua. Mfano: "nyundo, tunatengeneza, mpaka dukani ishuke chini ya 2,200 au springi ipande kupita 1,800." Dola ikipanda, au saplaya mpya akifungua duka hapo mtaani, unafungua ukurasa huo tu badala ya kuanza ubishi upya. Na kama hakuna kilichobadilika, pitia bado kila mwaka kabla ya mavuno, maana msimu ukishaanza hakuna mtu atakayekaa na kalamu.